Nilivyotafuta nodi dhaifu kwenye laini ya usambazaji

Data za laini halisi ya kilovoti 11 nilizokuwa nazo zilijaa makadirio, hasa mzigo wa transfoma. Nikaziweka kando, nikachukua mtandao wa majaribio wa nodi 33 (nodi ni pointi ambapo nyaya hukutana au mzigo huunganishwa) ambao watafiti Baran na Wu waliuchapisha mwaka 1989. Una msongo (volteji) wa kilovoti 12.66, na mzigo wake wote ni kW 3,715 na kVAr 2,300; kVAr hupima nguvu isiyofanya kazi, inayokwenda na kurudi kati ya chanzo na vifaa kama mota. Umeshakokotolewa na watu wengi mno, kwa hiyo ukikosea utajua mara moja.

Hesabu za mtiririko wa umeme zinazorahisishwa kwa ajili ya gridi kubwa huchukulia kwamba ukinzani wa nyaya ni mdogo sana mbele ya riaktansi, yaani kizuizi kinachotokana na usumaku wa mkondo geu kwenye waya. Kwenye usambazaji sivyo. Nilitumia njia ya kwenda na kurudi: unaanzia mkiani ukijumlisha mikondo hadi kwenye kituo cha kupozea umeme, kisha unashuka tena ukikokotoa msongo wa kila nodi, hadi namba zitulie. Kwa Python ni programu fupi tu. Nodi 18, ya mwisho kwenye tawi refu, ikatoka na 0.913 ya msongo wa kituoni, na upotevu ukawa karibu kW 203.

Hapo nikaingiza fahirisi ya uthabiti, ile inayopima kama mlinganyo wa msongo wa kila kipande cha waya bado una jibu. Ikikaribia sifuri, nodi iko hatarini. Nodi 18 ikapata karibu 0.695. Sasa chukua 0.913 uiinue kwa kipeo cha nne: ni namba ileile! Kipande cha mwisho kinabeba kW 90 tu, basi fahirisi yake inakurudishia msongo ulioujua tayari. Naiona inapewa sifa kuliko inavyostahili.

Kilichonifaa ni kuongeza mzigo wa nodi zote kwa uwiano mmoja hadi hesabu ikatae kutulia. Mtandao ulivumilia zaidi ya mara tatu ya mzigo wa kawaida. Lakini ukiwa na kikomo cha msongo kushuka kwa asilimia 5, mteja wa nodi 18 yuko nje ya kiwango hata kabla hujaongeza chochote. Mfumo haujaanguka, ila friji yake inahangaika. Hayo ni maswali mawili, na ripoti nyingi huyachanganya. (Nilichukulia mzigo usiopungua msongo ukishuka. Mota ziko karibu na hivyo kuliko pasi au hita.)

Kapasita, kifaa kinachotoa kVAr palepale zinapohitajika, nayo ilinifundisha jambo. Kishawishi ni kuifunga nodi 18, kwa kuwa ndiyo dhaifu. Ila nodi 30 peke yake inavuta kVAr 600, na kapasita ya takribani kVAr 1,250 ikifungwa pale inashusha upotevu hadi karibu kW 151. Msongo wa nodi 18 unapanda hadi 0.917 hivi tu, kwa sababu matawi hayo mawili yameachana tangu nodi 6. Kwa mteja wa kule mwisho ningeweka kirekebisha msongo kwenye tawi lake, au uzalishaji wa jua karibu naye. Na jua bila betri halimsaidii saa mbili usiku, majumba yote yakiwa yamewasha.