Soksi kavu za John Matte

Juzi kaka yangu kapiga simu kutoka Marangu, kwetu chini ya Kilimanjaro, baada ya kusikia nimepanda Rwenzori. Hata salamu hajamaliza: "Mtu wa kwetu unatoa hela kupanda mlima wa Uganda?" Nimekaa na hasira siku mbili, bora niandike.

Niko Kasese, mji wa Uganda chini ya Rwenzori, mwaka wa tatu. Kabla ya hapo nilikaa Kampala, na Kampala iliniumiza. Ukisema Kiswahili sokoni wanakukagua, kwani wengi bado wanakumbuka lugha hii ikitoka kwa askari wenye bunduki. Nawaelewa. Lakini umwamkie mama wa watu shikamoo kwa heshima zote, akuulize kwa ukali kama wewe ni mwanajeshi! Baraza la mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022. Pale sokoni kwangu sikuona tofauti. Wewe unayetaka kuja, jifunze salamu za Kiganda kabla hujapanda basi.

Sasa mlima. Nilikuwa mgumu, yaani mpagazi, Kilimanjaro misimu minne, mizigo ya wageni naijua. Niliposikia siku ya kwanza ni kutoka Nyakalengija, kijiji cha kuanzia, mita 1,646, hadi kibanda cha Nyabitaba, mita 2,651, nikaona ni kama kwenda Mandara tu, kibanda cha kwanza cha njia ya Marangu. Nikavaa buti zangu za ngozi. Mwongozaji alinishauri gambuti, nikakataa. Elfu thelathini na tano kwa mpira ule, wakati Memorial, soko la mitumba la Moshi, unajua mwenyewe unapata nini.

Njia ile si ya Marangu. Msitu umefunga, mizizi imelowa, na karibu na Nyabitaba unapanda mgongo wa mlima uliosimama kweli kweli, magoti yanakaribia kidevu. Kesho yake unashuka hadi darajani, mto Bujuku unapokutana na Mubuku, kisha mianzi, kisha mawe yanayoteleza chini ya miti iliyovikwa kuvu nene la kijani hadi shina halionekani. Mvua haikukatika. Kila hatua tope linashika mguu, unauvuta kwa mikono. Tulipofika kibanda cha John Matte cha kulala, juu ya mita 3,400, sikuhisi vidole.

Mpagazi mmoja, kijana wa Kikonzo, wenyeji wa milima hii, aliniona natetemeka. Akaniambia kwa Kiswahili chenye ladha ya Kongo, "Mukubwa, leta miguu." Akanivua buti, akafungua mfuko wa nailoni, akanivisha soksi zake.

Mgumu yeyote anayesoma hapa anajua maana yake. Una soksi moja kavu ya kulalia, unaificha kuliko hela. Misimu minne sikuwahi kumpa mtu yangu, hata mgeni aliyelia. Nilimpa noti, akairudisha. "Wewe si mgeni, tunasikilizana." Ndani ya nchi hii hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa sababu ya Kiswahili changu.

Asubuhi tukavuka Bigo, bonde la tope tupu, lobelia na senesio, mimea ile mirefu ya juu mlimani, zimesimama kwenye ukungu. Nazijua tangu Horombo kule Kilimanjaro, lakini zile zilikuwa nyingi hadi nikanyamaza. Kilele cha Margherita, kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, sikukiendea, na sijutii.

Kaka, hela hiyo nitaitoa tena. Gambuti nimeshanunua. Soksi za sufu nimenunua pea tatu, Jumamosi nazipeleka mwenyewe Nyakalengija, na nimejifunza kumwambia yule kijana wasingya, asante kwa Kikonzo.