Kabla ya kuongeza farasi, tengeza mifupa: Escort yangu na kutu ya Mombasa

Siku mlango wa Escort yangu ulipokataa kufunguka ndio nlijua hesabu nimekosea tangu mwanzo. Ilikuwa siku ya mazoezi ya mbio za drag, zile za kukimbia mita 402 moja kwa moja, nimetoka kwa laini ya kuanzia mara ya pili tu, gari imeruka vizuri, gurudumu la mbele kushoto likanyanyuka watu wakapiga kelele na mie roho yangu ikafurahi, kufika mwisho nataka kushuka mlango wa dereva wapi, nausukuma kwa bega hautoki, ikabidi nitokee upande wa abiria. Alafu nkaona kioo cha mbele kina ufa, umeanzia kona ya chini ukapanda juu mwembamba kama unywele. Hakuna jiwe lililogonga. Bodi ilijipinda, na kioo hakijui kupinda.

Gari yenyewe ni Ford Escort Mk1 ya 1972, milango miwili, nimeachiwa na marehemu babangu. Ilikuja na injini ya 1300 ambayo hata nguvu za farasi 60 haikufika. Mie nikaitoa nikaeka injini ya 3S-GE ya Toyota Altezza iliyopata ajali, farasi 210 za kiwandani, na giaboksi yake ya spidi 6, na kwa vile hiyo giaboksi ni nene ikabidi taneli ya katikati, lile tuta la sakafu giaboksi inapopita chini yake, ikatwe ipanuliwe, ikazibwa kwa bati jembamba. Pesa zangu zote zikaishia kwa injini. Bodi niliipaka rangi tu.

Sasa wengi hawajui tofauti ya hizi gari na Land Cruiser. Land Cruiser pikap ni kama jahazi, lina mkuku wake chini, ukitoa mbao za juu mkuku wabaki. Escort haina mkuku. Bodi yenyewe ndio chasisi: sakafu, vizingiti vya milango, taneli, nguzo, paa, yote ni mabati membamba, mengi hayafiki hata milimita moja, yamekunjwa na kushikanishwa kwa nukta za weldi. Chukua kibiriti cha njiti, toa kile kidroo chake ukinyonge kwa vidole, chapinda bila shida. Kirudishe ndani ya ganda lake unyonge tena. Nguvu yatoka kwa zile kuta kushikana, sio kwa ukuta mmoja, kwa hivyo ukikata taneli kama nilivyokata mie umeshatoboa ganda.

Na hesabu ya nguvu ndio hii. Ile injini yatoa kama 216 Nm, hicho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Gia ya kwanza yazidisha karibu mara 4, difu yangu, zile gia za kwenye ekseli ya nyuma, ni 4.1 yazidisha tena, jumla mara 15 na ushee, kwa hivyo kwenye ekseli ya nyuma wazungumzia zaidi ya 3,000 Nm kwa mpigo mmoja unapoachia klachi, na matairi yakishika vizuri hiyo nguvu haina pa kukimbilia ila kwa bodi. Injini yataka kuipindua gari upande mmoja, ekseli yajikaza upande wa pili, katikati sakafu yanyongwa kama kitambaa cha deki. Lile gurudumu kunyanyuka nililolifurahia, sehemu yake ilikuwa ni bodi kujikunja tu. Sehemu ya nguvu niliyoinunua kwa pesa ilikuwa yaishia kukunja mabati badala ya kusukuma gari mbele.

Nikaipeleka kwa ami mmoja huko Changamwe, fundi wa bodi wa miaka mingi, nimemjua kupitia babangu. Nikamwambia, "Ami, nataka uniekee reli mbili chini, vile vyuma virefu vya chini ya sakafu, uunganishe za mbele na za nyuma, Ijumaa niichukue." Hakunijibu. Akachukua bisibisi akalala chini ya gari, akawa agonga gonga kizingiti, ko ko ko, kisha ikalia pwa, bisibisi ikaingia mpaka kwa mpini. Akatoka akanambia, "Mwanangu, wataka kushona kiraka kwa kanzu iliyooza."

Hapo ndipo hasa nataka watu wa pwani mnisikize, maana video zote za kuimarisha bodi zatoka nchi ambazo gari imelala garaji kavu. Hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi. Gari ikikaa Nyali au Likoni na upepo wa bahari miaka hamsini, kutu haianzii nje unapoiona, yaanzia ndani ya vizingiti na ndani ya reli ambako rangi haikufika, na unyevu ukiingia hautoki. Yangu kumbe ilishawahi "kutengezwa" zamani na garaji moja, walijaza filla, ile lipu ya kusawazisha bodi, juu ya tundu wakapaka rangi. Filla! Kwenye kizingiti, sehemu inayobeba mzigo wa gari nzima! Nlikasirika sana, na nina haki ya kukasirika, kwa sababu mtu aweza kuumia.

Kazi ikachukua miezi mitatu.

Kwanza tukatoa kila kitu: viti, kapeti, waya, tangi la petroli ambalo kwa Escort liko ndani ya buti, betri na alteneta. Usiweldi na tangi ndani, hata kama ni tupu, mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Alafu kabla ya kukata bati lolote ami akaeka gari sawa juu ya stendi, chini ya sehemu zinazobeba springi ili ikae kama ambavyo ingekaa kwa matairi, akapima kwa futi kutoka kona hadi kona, msalaba, akaandika vipimo ukutani kwa chaki. Kila mlango akauwekea vyuma viwili vya kushikilia lile tundu lisijikunje. Ukiruka hatua hii wakata kizingiti gari yalala katikati, wewe waweldi chuma kipya juu ya gari iliyopinda na itabaki imepinda maisha.

Vizingiti vikakatwa vyote viwili vikatengezwa upya, na taneli ikatengezwa upya kwa bati la milimita 1.5 badala ya lile nililokuwa nimelibandika.

Ndio reli sasa. Kwa Escort reli za mbele zaishia chini ya sakafu kwenye viti, za nyuma zaanzia karibu na pale springi zile bapa zinaposhikwa kwa mbele, katikati hakuna kitu, ni sakafu tu. Tukatumia tubu ya mraba 50 kwa 50, unene milimita 3. Badala ya kuining'iniza chini tukapasua sakafu ikaingia nusu, ikaweldiwa na sakafu pande zote mbili urefu wake wote. Hii ni kazi zaidi lakini tofauti ni kubwa, maana tubu iliyoshikwa nchani peke yake yasaidia kidogo tu, ikishikana na sakafu njia nzima yafanya ganda. Na pale inapokutana na bati jembamba tukaeka sahani ya milimita 3 kwanza, kona zake zimeviringwa, ili nguvu isambae. Chuma kinene kikiweldiwa moja kwa moja kwa bati jembamba huchana pale pale kando ya weldi, mie nshaona gari ya mtu imefanya hivyo. Uzito ulioongezeka, pamoja na sahani, ni kama kilo 15. Sioni hasara yoyote.

Alafu mishono. Bodi ya kiwanda imeshikwa kwa nukta, na zangu nyingine zilikuwa zimeachia kwenye faya wol, ule ukuta kati ya injini na abiria. Ami akaweldi sentimita 2 na nusu, akaruka saba na nusu, akaweldi tena, na hafuatishi, huku moja, kule moja, gari ipoe, kwa sababu joto likikaa pamoja bati lajikunja. Mashine ni ya migi, ile ya waya na gesi. Ile ya stiki yatoboa bati jembamba, usidanganywe ni rahisi. Na chuma cha mabati chenye zinki kwangua zinki kwanza na ufungue milango, ule moshi watia homa, na zile habari za kunywa maziwa hazikingi mapafu yako.

Kuna watu huuliza Escort si ndio ilishinda Safari Rally 1972 na Hannu Mikkola, basi ni gari ngumu. Ni kweli ilishinda, lakini ile RS1600 ya mashindano ilijengwa kwa bodi nzito iliyoimarishwa, waliita Type 49, haikuwa hii ya kuendea Kongowea sokoni. Ford wenyewe walijua bati la kawaida halitoshi.

Mwisho ni chumvi tena. Kila tundu la kutolea maji liliachwa wazi, ncha za tubu zikazibwa kabisa, vizingiti vikapuliziwa nta kwa ndani. Oili chafu ya injini ambayo wengi huimwaga humo yakauka na yachuruzika, nta yabaki.

Siku ya kuimaliza ami akachukua jeki akaieka mbele kulia, karibu na gurudumu, akapandisha. Zamani ukifanya hivyo mlango wakwama. Sasa mbele ikapanda, na kabla sijasema kitu gurudumu la nyuma upande ule ule nalo likaachana na sakafu. Akanambia, "Fungua mlango." Nikafungua. "Funga." Ukafunga kwa kidole.

Bado sijarudi kwa laini. Yabaki rolba, ile tubu ya kukunja nyuma ya viti inayokinga kichwa gari ikipinduka, na tubu nshanunua, milimita 44.5 kwa ukuta wa 3, kipimo cha sheria za NHRA, chama cha mbio za drag cha Marekani, kwa chuma cha kawaida, na sahani za inchi 6 kwa 6 juu na chini ya sakafu. Wao huilazimisha kwa gari za sekunde 11.49 kushuka kwa mita 402 na yangu haijafika huko, lakini sitaki kungoja ifike. Paipu ya maji ya hadweya msitumie, tafadhali. Ami asema wiki ijayo akitoka msibani Kilifi tutaanza kukunja.