Mtoto asiyelia getini

Saa moja kasorobo asubuhi nakuwa nimeshafungua geti. Kituo chetu cha kulelea watoto kipo Tanga mjini, nyumba ya vyumba vitatu na kibaraza, watoto 31, walezi watatu na mpishi mmoja. Kwa miaka minane kazi yangu ya kwanza kila siku imekuwa kupokea vilio. Mama anakuja na baiskeli, mtoto kakaa nyuma na begi lake, na akiliona tu lile geti la bluu anaanza. Wapo wanaolia kwa mdomo, macho makavu, huku wanakuchungulia waone kama umeingia huruma. Wapo wanaojitupa chini. Wapo wanaong'ang'ania baibui la mama mpaka tunawabandua kidole kimoja kimoja.

Tulikuwa na dawa yetu. Mlezi mmoja anamwita mtoto akaone sungura, na mtoto akigeuza shingo tu, mama anatoroka. Mimi ndiye niliyewafundisha wazazi hivyo. "Usimuage, ukimuaga utamliza." Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko "karibu".

Halafu alikuwepo mmoja, tulimwita Mzee kwa utani. Hajafika miaka mitatu. Analetwa na bibi yake, anavua ndala, anaziweka sambamba chini ya benchi, anakwenda kwenye boksi la vizibo vya soda na kuanza kuvipanga mstari. Hageuki. Bibi akiondoka hageuki, na saa tisa bibi akirudi vilevile hageuki, mpaka aguswe bega. Nilikuwa nikiwaonyesha wazazi wapya: "Mnamwona yule? Mtoto mzuri yule, halii."

Mwaka jana nikajiandikisha kusoma stashahada ya malezi ya watoto wadogo, masomo ya jioni. Somo la kwanza, Utangulizi wa Saikolojia. Jirani yangu aliposikia akauliza, "Kumbe unasomea vichaa?" Mwingine aliacha kunitazama usoni wiki nzima, akidhani namsoma mawazo. Nikawaeleza kwamba saikolojia ina matawi: wapo wanaotibu, ndiyo, lakini wapo pia wanaochunguza kumbukumbu, wanaoshughulika na watu makazini, wa ubongo na neva, wa mambo ya jamii, na wapo wa makuzi, ambao ndio wa kwangu. Hakuna aliyesikiliza. Mpaka leo naulizwa tafsiri za ndoto.

Kitini chenyewe kilikuwa kurasa 80, fotokopi ya fotokopi. Kinaanzia Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, Wilhelm Wundt na maabara yake ya saikolojia. Watu wazima waliofundwa maalumu wanasikilizishwa metronomu, kile kifaa kinachogonga kwa mapigo sawasawa, kisha wanaeleza kinachopita ndani yao: hapa pananipa utulivu, hapa pananipa mkazo. Mwanafunzi wake, Titchener, akaichukua kazi hiyo Marekani mwaka 1892, akitaka kuichambua akili vipandevipande kama mkemia. Niseme kweli, kurasa hizo nilizisoma nikisinzia. William James afadhali. Yeye aliuliza akili inatusaidia nini, si imeundwa na nini, na kitabu alichowekeana mkataba na mchapishaji mwaka 1878 kilitoka 1890, jambo lililonifariji sana kwa kazi zangu za darasani. Freud, daktari wa Vienna aliyewalaza wagonjwa kwenye kochi wasimulie ya utotoni, alipata jioni nzima, na darasa lilicheka, hasa wanaume.

Kadiri nilivyosoma, nikawa nauliza swali moja: mtoto yuko wapi? Kwa Wundt hayumo, maana hawezi kujieleza. Kwa Freud mtoto anatajwa kila ukurasa, lakini wanaozungumza ni watu wazima wanaokumbuka. Hata yule mtoto wake mashuhuri, Hans mdogo aliyeogopa farasi, ambaye habari zake zilichapishwa mwaka 1909, Freud alikutana naye mara moja tu katika tiba yote. Mengine aliletewa na baba yake Hans. Mimi nikipokea habari za mtoto kwa baba peke yake, nitaambiwa anapenda mpira na yu mzima.

Katika kitini, wa kwanza kumweka mtoto katikati kabisa alikuwa John Watson, na afadhali asingefanya. Huyu ndiye aliyetangaza mwaka 1913 kwamba saikolojia iachane na habari za ndani ya akili, ishughulike na kinachoonekana: kichocheo na mwitikio, basi. Mwaka 1920, pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, yeye na Rosalie Rayner walichapisha habari za mtoto waliyemwita Albert. Akiwa na miezi 11, kila alipomgusa panya mweupe, nyuma ya kichwa chake chuma kiligongwa kwa nyundo. Akajifunza kumwogopa panya, kisha sungura, kisha vitu vyenye manyoya. Akaondolewa hospitalini hapo bila kuondolewa woga huo. Nilimtazama sungura wetu siku iliyofuata nikaona aibu, sijui kwa niaba ya nani.

Mwaka 1928 Watson akaandika kitabu cha malezi. Anawaambia wazazi wasiwakumbatie watoto wala kuwapakata. Ikibidi sana, busu moja la paji la uso usiku, na asubuhi mpeane mikono. Nilimsomea mpishi wetu wakati anachambua mchele. Akauliza, "Huyo mwenyewe alizaa?" Alizaa, wanne.

Tulicheka, lakini usiku kicheko kikanikauka. Maana ile dawa yetu ya sungura ni ya Watson mtupu. Kilio kisipolipwa kitakoma. Mzazi akitoweka haraka, mtoto atanyamaza haraka. Na kwa hesabu hiyo Mzee ndiye mhitimu wetu bora.

Kitini kinaendelea na Harry Harlow wa Wisconsin, 1958, aliyewatenga vitoto vya nyani na mama zao na kuwapa mama bandia wawili, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine aliyefunikwa kitambaa laini bila maziwa. Walinyonya kwa waya haraka na kurudi kushikana na kitambaa. Kisha John Bowlby wa London, ambaye ripoti yake kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 ilisema mtoto anamhitaji mama, au anayeshika nafasi yake, kama anavyohitaji chakula. Halafu sentensi moja, imejibana chini ya ukurasa: "Mary Ainsworth naye alifanya utafiti Uganda." Mstari unaofuata tupo Baltimore tena.

Niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: UGANDA WAPI??? Kurasa 79 za Ujerumani, Austria, Uingereza na Marekani, na mahali ambapo ningeweza kwenda kwa basi pamepewa maneno sita! Mkufunzi aliliona swali langu, akacheka, na wiki iliyofuata akaniletea kurasa za kusoma.

Ainsworth, mwanasaikolojia, alifika Uganda mwaka 1954 kwa sababu mumewe alipata kazi Kampala. Yeye hakuwa na kazi inayomsubiri. Akatafuta fedha kidogo, akapata mkalimani, akaanza kutembelea nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na mji: familia 26, watoto wachanga 28. Kila baada ya wiki mbili hivi, alasiri, saa mbili nzima, anakaa sebuleni kama mgeni yeyote, anaongea na mama na kutazama. Akafanya hivyo kwa takriban miezi tisa. Hana panya wala nyundo.

Alikwenda akiamini kwamba mtoto humpenda mama kwa ajili ya maziwa, na alichokiona kikamgeuza. Mtoto anatambaa kutoka kwa mama mpaka mlangoni, anashika hiki, anaonja kile, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea. Mgeni akisogea, anarudi mbio. Akibebwa na mwingine analia, akipewa mama ananyamaza. Na mama akirudi kutoka shamba, kitoto cha Kiganda kinampokea kwa kupiga makofi. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu, maana nimeona makofi hayo.

Katika watoto 28, aliona 16 wameshikamana na mama kwa utulivu, 7 wana wasiwasi, na 5 bado hawajashikamana. Alipotafuta tofauti ilikotoka, jambo moja lilijitokeza ambalo nimelibandika ukutani ofisini: mama za wale watulivu ndio waliokuwa wasimulizi wazuri. Ukimuuliza habari za mtoto, anakupa mambo madogomadogo mpaka uchoke. Hao wengine walipenda kuongea habari nyingine.

Baltimore ilikuja baadaye. Watoto wa Kimarekani nyumbani walishazoea mama kuingia na kutoka, hawakushtuka, kwa hiyo akabuni Hali ya Ugeni: chumba kigeni, vitu vya kuchezea, kama dakika 20, mama anatoka na kurudi mara mbili. Chuo ni kilekile cha Albert, Johns Hopkins, na sijui kama kuna aliyeiona ajabu hiyo. Kilichonishangaza ni kwamba kilio cha kuachwa hakikuwa ndicho kipimo kikubwa. Walitazama zaidi mama anaporudi. Wengi wanamwendea, wanatulizwa, wanarudi kucheza. Wengine wanamng'ang'ania huku wanampiga. Na wengine, mama atoke arudi, wanaendelea na midoli yao.

Hageuki.

Mwaka 1977 watafiti wawili, Sroufe na Waters, waliwapima mapigo ya moyo watoto wa namna hii. Uso mkavu, mikono inacheza, moyo unakwenda mbio.

Asubuhi iliyofuata bibi alipoondoka nilichuchumaa nyuma ya Mzee, nikajifanya namtengeneza kola, nikaweka kiganja mgongoni. Anapanga vizibo, chekundu, chekundu, cha kijani. Moyo chini ya kiganja ulikuwa kama wa kifaranga ulichokikamata.

Msiniharakishe. Sikumpa jina la ugonjwa, na mkufunzi alitukataza kabisa kufanya hivyo. Jaribio lile ni la watoto wa mwaka mmoja na kidogo, si wa karibu mitatu, na ni la chumba kigeni, si la kibaraza anachokijua. Tena lilipopelekwa Bielefeld, Ujerumani, karibu nusu ya watoto walionekana ni wa "kutogeuka", na kule Sapporo, Japani, ambako mtoto mchanga ni nadra kuachwa, wengi walilia mpaka jaribio likakatizwa. Huwezi kusema nusu ya Bielefeld wana kasoro. Kipimo kilichotengenezwa Baltimore si jiwe la mizani la kupeleka kila soko. Na mimi ni mlezi, si daktari.

Ila niliweza kuuliza. Saa tisa nikamkalisha bibi kwenye benchi, nikampa chai, nikamwambia, "Bibi, hebu nihadithie habari za mjukuu wako." Nilitarajia "yupo tu, mwanangu." Alizungumza mpaka chai ikapoa. Mtoto halali bila kushika pindo la kanga yake, tena ile ya zambarau iliyochakaa. Anaogopa mlio wa blenda. Samaki anakula, ila asione kichwa. Kwa kipimo cha Uganda, bibi huyu ni msimulizi wa hali ya juu, na moyo wangu ukatulia kidogo.

Mama yake Mzee yuko Muscat, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Anapiga simu ya video kila Ijumaa, mtoto anaitazama dakika moja na kurudisha simu.

"Siku anaondoka ilikuwaje?" nikauliza.

"Tulifanya akili," bibi akasema. "Baba yake mdogo alimchukua kwenda Raskazone kula aiskrimu na kuona bahari. Waliporudi mama keshapanda basi. Hakulia hata kidogo."

Sikupata la kusema. Nilikunywa ile chai yake iliyopoa.

Jumatatu yake nikawaita walezi wenzangu, nikasema sungura wapumzike. Mzazi atamuaga mtoto, amtazame usoni, amwambie anakwenda wapi na anarudi baada ya kitu gani: baada ya uji, baada ya kulala mchana. Asitoroke. Matokeo yake nayaandika bila kupamba: kelele getini zimeongezeka. Baba mmoja ameniambia nimewaharibu watoto waliokuwa wamenyooka. Mama mmoja amechelewa kazini mara mbili na ananilaumu mimi. Wanaolia wanalia zaidi mwanzoni, ingawa mpishi anadai wananyamaza upesi kuliko zamani. Hatujahesabu, kwa hiyo siwezi kuapa.

Bibi aliona ni upuuzi kumwelezea kitoto ratiba ya mtu mzima, lakini akakubali kwa heshima. "Naenda Mgandini kununua dagaa. Nakuja ukishaamka." Kila asubuhi. Mzee anapanga vizibo.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, bibi alishaaga na yuko getini na kikapu chake. Mzee akasimama na kizibo mkononi. Akageuka. Akalitazama geti, kisha akafungua mdomo na kulia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha kuanzia tumboni, kamasi na vyote. Nilimkimbilia nikiwa natabasamu, Mungu anisamehe, na bibi akarudi hatua mbili akatutazama wote wawili, yeye analia, mimi nacheka.

"Mwalimu," akasema, "mtoto huyu alikuwa halii. Ndiyo mnayofundishwa huko usiku?"