Nimetoka Tromsø, natetemeka Njombe

Tangu nirudi Njombe, kusini mwa Tanzania, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "We si umetoka kwenye barafu? Sasa hapa unatetemeka nini?" Kondakta kaniuliza, mama wa genge kaniuliza, na shangazi yangu ananiuliza kila asubuhi huku akicheka. Ngoja nijibu kwa nafasi.

Ni kweli nimetoka kwenye barafu. Tromsø iko kaskazini kabisa mwa Norwei, huko ambako kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi. Mchana unapata mwanga wa buluu kwa saa chache, basi, giza linarudi. Theluji inajaa hadi unaisahau rangi ya barabara. Baridi yenyewe si kali kama watu wa huku wanavyodhani, maana mkondo wa bahari wenye joto unapita pwani ile na bandari yao haigandi, lakini nyuzi 10 chini ya sifuri si habari ya kumpigia mtu simu.

Sasa sikilizeni. Humo ndani ya nyumba ni nyuzi 20 na ushee. Kuta zimeshindiliwa pamba maalumu ya kuzuia joto lisitoke, madirisha yana vioo viwili, hata vitatu, na unakaa sebuleni na fulana. Baridi ya kule unaikuta mlangoni ukiwa umeshavaa, na ukirudi unaiacha hapo hapo mlangoni. Ya Njombe inaingia ndani, inakula na wewe, inalala na wewe. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa mwezi wa saba joto linashuka chini ya nyuzi 10, na nyumba ni tofali za kuchoma, bati juu, dari hakuna. Asubuhi ndani na nje ni kulekule. Shangazi, jibu ndilo hilo. Miaka yote ile sikuwahi kulala na soksi mbili Tromsø. Hapa nalala nazo.

Kipupwe chetu kina sababu zake. Juni hadi Agosti jua limehamia upande wa kaskazini wa dunia, na upepo wa kusi unatuletea hewa ya baridi kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Siku ambazo ukungu haupo, anga inakuwa wazi bila wingu usiku kucha na joto la mchana lote linapaa. Hewa ikishapoa inakuwa nzito, inateremka mabondeni, na mabondeni ndiko watu wanakolima vinyungu, yaani bustani za kiangazi kwenye udongo wenye unyevu. Ndiyo maana mwenye shamba mlimani anaamka salama na jirani yake wa bondeni anakuta majani ya viazi yameganda asubuhi, na jua likipanda yanageuka meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Kule Makete wanaijua hasara hii vizuri kuliko mimi.

Lakini baridi hiyo hiyo ndiyo inayoiamsha miti ya matufaha na plamu. Miti hii inahitaji saa nyingi za ubaridi ili ipumzike, kisha ichipue na kuchanua vizuri. Ukiona plamu ya jirani imepukutisha majani yote mwezi wa saba, usimwambie imekufa. Mwisho wa mwaka utaenda kuomba matunda.

Nilichokiona kwa wale watu wa kaskazini, na ambacho kimenifanya niandike, ni kwamba wao hawaisubiri baridi ipite. Wana ratiba nayo. Watoto wa chekechea wanacheza nje kwenye theluji, tena wadogo wanalazwa nje ndani ya vigari vyao, wamefunikwa sawasawa, uso tu ndio unaoonekana. (Mara ya kwanza kuona nilitaka kumwita mama yake.) Kila dirisha lina mshumaa au taa ndogo. Na tarehe 21 Januari, jua linapochungulia tena juu ya milima, shule zinatoa watoto nje kulilaki, mji mzima unakula maandazi ya mviringo yenye jamu ndani. Foleni ya mikate siku hiyo usiseme.

Kuna mwanasaikolojia wa Kimarekani, Kari Leibowitz, aliyekwenda Tromsø kuchunguza kwa nini giza lile haliwazamishi watu kwenye huzuni. Alikuta kwamba namna mtu anavyouchukulia msimu ina uzito wake: wanaoona baridi ina mengi ya kupenda walikuwa na hali nzuri zaidi ya moyo, na watu wa kaskazini zaidi, hadi visiwa vya Svalbard, waliupenda msimu kuliko watu wa Oslo, ambako giza ni dogo. Mimi nisingependa mtu aninukuu kwa mama anayechuma chai saa kumi na mbili asubuhi bila sweta, kwamba shida yake ni mtazamo. Shida yake ni sweta. Ila kwa sisi wenye sweta, maneno yale yana ukweli.

Kuhusu sweta, basi. Nenda mnadani kwenye mitumba, ukikuta lebo imeandikwa ull, hiyo ni sufu, shika usiachie. Sufu ikilowa umande au jasho bado inatunza joto. Pamba ikilowa inakunyonya joto lako. Kwa hiyo ile fulana ya pamba tunayoanza nayo mwilini, kisha tunapandisha shamba tukitoka jasho, ndiyo inayotutetemesha tukisimama kupumzika. Anza na sufu mwilini, juu yake kitu kinene, juu kabisa kitu cha kuzuia upepo. Wiki iliyopita nilikuta meza nzima ya makoti ya kutelezea kwenye theluji, mazuri kweli. Ndani ya koti la aina ile kuna kitambaa cha mpira kinachofungwa kiunoni ili theluji isipande mgongoni. Muuzaji alikuwa amekaa na mkasi anavikata kimoja kimoja. Nikamuuliza kulikoni. "Wateja wanadhani ni bitana imechanika, wananishusha bei." Nikamwomba langu asilikate. Asubuhi nikiwa nyuma ya bodaboda naelekea Uwemba, upepo haupandi.

Starehe za kipupwe chetu zipo, tena nyingi, ni kwamba hatuzihesabu. Kuota jua saa tatu asubuhi, mgongo ukutani, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, na majirani wanaongezeka mmoja mmoja kwenye ukuta huo huo hadi inakuwa baraza. Kuota moto jioni jikoni kwa bibi, viazi vimefukiwa kwenye majivu, unakitoa kimoja unakirusha mkono huu na mkono huu. Tromsø nilikuwa na jiko la kuni la chuma lenye mlango wa kioo, zuri sana, na hakuna hata jirani mmoja aliyewahi kuingia bila miadi kuja kuota moto wangu.

Kitu kimoja siwezi kukipita: jiko la mkaa chumbani. Kila kipupwe tunasikia familia imelala haikuamka. Mkaa ukiwaka unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Kwenye damu inajishikiza pale oksijeni inapotakiwa kukaa, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mkaa ulioshika vizuri, usio na moshi, ndio unaowadanganya watu. Otea moto sebuleni mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje kabla ya kulala. Weka maji ya moto kwenye chupa, ingia nayo kitandani.

Na wenye kujenga, wekeni dari. Bati tupu usiku linapoteza joto lote, alfajiri linawadondoshea matone usoni. Tena madirisha makubwa yaelekee kaskazini, maana mwezi wa sita na wa saba ndiko jua letu linakopita.

Hili la madirisha nimelipeleka kwa baba mdogo, ambaye msingi wake uko tayari. Barabara iko kusini mwa kiwanja.

"Mwanangu, mgeni apite barabarani aone mgongo wa nyumba yangu?"

Nikamwambia, baba, mgeni anapita mara moja, wewe unalala humo kila siku. Akamgeukia fundi. Fundi akasema yeye anaweka dirisha popote, suala ni nani ananunua vioo. Wote wawili wakaniangalia.

Nimenunua vioo.