Kina mama wenyeji nao ni walimu: nilivyoleta mafunzo ya waratibu Iringa

Kazi yangu ni kuratibu wanafunzi wa kigeni katika chuo kimoja hapa Iringa. Wengine wanakaa muhula mzima, wengine wanakuja wiki chache wakati wa kiangazi cha kwao, ambacho kwetu ndiyo Juni na Julai, baridi ya kutetemesha meno, na karibu wote wanashuka kwenye basi wamevaa kaptula. Nilipewa kazi hii kwa sababu nafundisha Kiswahili kwa wageni. Habari za bima, vibali vya ukaazi daraja C, na namna ya kumtuliza mzazi anayepiga simu usiku wa manane kutoka Minnesota, hizo zilinikuta njiani.

Kwa hiyo chuo rafiki kiliposema kitanilipia mafunzo ya mtandaoni ya watu wanaoendesha programu za masomo nje ya nchi, nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Huko Marekani kazi hii ni taaluma yenye mizizi. NAFSA, chama cha waelimishaji wanaoshughulika na wanafunzi wa kimataifa, kipo tangu 1948, na Forum on Education Abroad, iliyoanzishwa 2001, hutoa viwango vya utendaji bora ambavyo vyuo hujipima navyo. Toleo la sita lilitoka 2020. Vipindi vyetu vilikuwa saa nane mchana kwao, saa tatu usiku kwetu, na Novemba waliporudisha saa zao nyuma ikawa saa nne. Bando nanunua jioni, simu nachaji mapema, maana mvua zikianza umeme huenda na kurudi.

Mengi yalinifaa palepale. Ofisini wenzangu walikuwa wakilalamika kwamba wazungu hawatuamini, kila kitu wanataka kiandikwe. Kumbe sheria ya Clery ya 1990 inavitaka vyuo vya Marekani vitunze na kutangaza taarifa za uhalifu, na mazingira fulani yakitimia inagusa hata majengo wanayoyatumia nje ya nchi. Nikaeleza hilo kwenye kikao, manung'uniko yakapungua.

Lakini mifano ya kozi ilikuwa na mhusika mmoja tu: mhadhiri aliyepanda ndege na wanafunzi wake. Sisi tunaopokea tulitajwa pembeni, na mama anayeishi na mwanafunzi, anayejua jana hakula na juzi alirudi analia, hakuwemo kabisa. Kwangu huyo ndiye mwalimu wa saa nyingi kuliko wote. Nikaamua kuyachukua mafunzo yale na kuyafanya upya hapa, wahadhiri na kina mama wenyeji katika chumba kimoja.

Mkuu wa idara hakupinga, aliuliza posho tu. Aliyewahi kuitisha semina nchi hii anajua swali hilo halina jibu zuri. Niliweka Jumamosi asubuhi, chai nzito na vitafunwa vya kushibisha, nauli ya kila mtu nikaitoa kwenye fungu la maandalizi ya wageni. Baadhi ya wahadhiri hawakuja. Sikuwabembeleza.

Kilichobeba siku ile ni zoezi la dharura la mezani: unasoma kisa, kila mmoja anasema atafanya nini, hakuna anayetoka kwenye kiti. Kisa nilikitunga cha hapahapa. Saa tatu usiku, mwanafunzi ameanguka na bodaboda kwenye mteremko wa kushukia Ipogolo, amejigonga kichwa, anaongea lakini anatapika. Wahadhiri wakaanza kupanga wa kujulishwa: mkuu wa idara, ofisi ya uhusiano wa kimataifa, ubalozi. Mama mmoja wa Kihesa akawakata: "Samahani mwalimu, wakati ninyi mnapigiana simu, huyo mtoto yuko wapi?"

Kisha akauliza hela ya bajaji inatoka kwa nani, na ya dirishani hospitali je? Hapo chumba kizima kikaamka. Bima nyingi za wasafiri, kwa matibabu ya kawaida, zinamtaka mtu alipe kwanza ndipo arudishiwe. Kadi ya bima mwanafunzi anaitunza kwenye simu, na simu ndiyo imepasuka. Nesi wa zahanati ya chuo, niliyemwalika awe mwamuzi, akaongeza kwamba kutapika baada ya kujigonga kichwa ni dalili ya hatari. Huyo hasubiri asubuhi hata akisema yuko sawa.

Mpango wetu wa dharura ulizaliwa kwenye maswali ya yule mama. Kila nyumba sasa ina bahasha ya fedha iliyosainiwa, haiguswi kwa jambo lingine. Kwenye ukuta wa jikoni kuna karatasi yenye namba ya bima, mzio wa mwanafunzi, simu yangu, simu ya mwenyekiti wa mtaa, na ya dereva anayelala mtaa uleule. Fomu ndefu ya tukio niliifupisha hadi ukurasa mmoja: nini, lini, wapi, nani yuko naye sasa hivi. Chuo rafiki kiliipokea bila neno.

Nadharia niliipunguza sana. Nilichora mkondo wa Lysgaard, Mnorwei aliyeandika mwaka 1955 kwamba mgeni huanza kwa furaha, akashuka, kisha akapanda taratibu. Mama mwingine, Mbena wa Njombe, akacheka. Yeye alipoolewa Iringa mwezi wa kwanza ulikuwa sherehe, wa pili alilia kila akimenya viazi. Tangu hapo mwanafunzi akijifungia chumbani wiki ya tatu, kina mama hawaniambii tena "huyu hatupendi." Wananiambia ameshuka.

Wahadhiri nao walibadilisha safari ya Kalenga. Zamani ilikuwa kuona fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, picha, basi, chakula. Kolb, mtaalamu wa Marekani wa kujifunza kwa uzoefu, kwenye kitabu chake cha 1984, anadai tukio peke yake halifundishi mpaka mtu akae alitafakari. Sasa tunakaa nje ya makumbusho karibu saa nzima, kila mmoja anasema kwanza alichokiona, kisha anachodhani kina maana gani, mwisho anavyojisikia. Fuvu lile Wajerumani walidaiwa walirudishe kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 na likarudi 1954 tu, likitokea Bremen. Tukiwa na mwanafunzi wa Kijerumani kikao huwa kizito, na siku hizi siharakishi kukipoza.

Jambo la karibuni ni kwamba chuo rafiki kimewaomba kina mama waongee kwa video na wanafunzi kabla hawajasafiri. Mara ya kwanza wanafunzi waliuliza habari za nyoka na intaneti. Yule mama wa Kihesa akajibu vyote kwa upole, halafu akawataka radhi na kuwaambia kwamba nguo za ndani kila mtu anafua zake mwenyewe, hazitupwi kwenye kapu la familia, na wakifika Juni walete masweta.