Ushuru wa kichwa hauangalii kilo: nilivyojipanga kuuza ng'ombe mpakani

Ukitaka kunikasirisha, niambie "ndani ya Afrika Mashariki hakuna ushuru." Nimeambiwa hivyo na mtaalamu wa semina, na kijana wa benki, hata na shemeji yangu ambaye hajawahi kushika kamba ya ng'ombe. Ni kweli ushuru wa forodha kati ya nchi wanachama ulishafika sifuri, mradi uwe na cheti cha uasili, yaani karatasi ya kuthibitisha mali imetoka nchi mwanachama. Lakini mimi nauza mnada wa Longido, upande wa Tanzania, wanunuzi wangu wengi wanatoka Kenya wakipitia mpaka wa Namanga, na kabla ng'ombe hajavuka kuna ada ya mnada, kibali cha kusafirisha, cheti cha afya na ada ya serikali ya kutoa mifugo nje. Karibu zote hutozwa kwa kichwa. Siku zikipandishwa, tangazo linasema atalipa mfanyabiashara. Halipi. Anapiga hesabu kinyumenyume kutoka bei ya machinjio ya Kiserian au Dagoretti huko Kenya, anatoa lori, anatoa ada, anatoa faida yake, kinachobaki ndiyo bei yangu.

Ada zilipopanda, jirani yangu alishauriwa asubiri zishuke. Nami nilishauriwa hivyohivyo, na mtu huyohuyo. Jirani akasubiri na kundi lake lote. Ukaja ule ukame wa mwishoni mwa 2021 kuingia 2022, na anayekumbuka mifugo ilivyokufa Longido na Simanjiro hahitaji nimalizie. Mwingine akaniambia nipitishe porini usiku. Huyo nilimkaribisha chai tu. Mwaka 2017 serikali ilikamata ng'ombe zaidi ya elfu moja waliotoka upande wa Kenya ikawapiga mnada, na sheria haiulizi unaelekea kusini au kaskazini.

Mimi nilikaa na kalamu. Tuseme ada zote zinafika elfu sitini kwa kichwa. Dume wa kilo 200 anabeba shilingi 300 kwa kila kilo. Dume wa kilo 300 anabeba 200. Ushuru ni uleule, kibali ni kilekile, na nafasi kwenye lori ni karibu ileile. Kwa hiyo nikaacha kupeleka vijidume vilivyokonda. Nauza wachache waliojaa, nawanenepesha zizini miezi kama mitatu kwa pumba na mashudu ya alizeti. Mashudu nanunua viwanda vinapokamua kwa wingi baada ya mavuno na kuyaficha stoo, maana yakifika Desemba muuzaji anakutajia bei kama anakuuzia pikipiki.

Sasa, kunenepesha bila kujua kilo ni kumnufaisha dalali. Dalali anapapasa nyonga, anasikitika, anasema "huyu mwepesi." Mizani ya mnadani kuna siku ipo, kuna siku "inatengenezwa." Nikaenda kwa fundi cherehani kununua utepe wa kupimia. Utepe wa fundi una sentimita 150, na dume wangu alikuwa na kifua cha zaidi ya hapo! Fundi akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniunganishia tepe mbili. Unazungusha kifuani nyuma kidogo ya miguu ya mbele, unasoma. Unapima tena kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Vyote kwa sentimita: kifua zidisha kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840, unapata kilo. Dume wa kifua 160 na urefu 130 anatoa 307. Hukosea kilo kadhaa huku na huku, ila dalali hukosea mia, tena kila mara upande wake.

Mara ya kwanza kuutoa utepe mnadani, mnunuzi mmoja wa Kenya alinitazama kama mganga. "Mzee, wacha mchezo, huyo hafiki mia mbili hamsini." Nikamwambia, "Kaka, mizani leo inafanya kazi, twende." Mizani ikasema 301. Tangu siku ile ananipigia simu kabla ya mnada kuuliza "zile za utepe" zipo ngapi. Naye tumekubaliana jambo: bei ni ya ng'ombe akiwa Longido, ada za kuvuka ni zake, zikipanda ghafla asinirudie.

Na bei tunataja kwa shilingi ya Tanzania. Hili usilichukulie poa. Mwanzoni mwa 2024 shilingi ya Kenya ilipanda kwa kasi na waliokuwa wanapokea pesa ya Kenya wakatembea kifua mbele. Mwisho wa mwaka huohuo yetu ikajikaza, wale wale wakawa wanalalamika kwa muuza chenji.

Ngozi siihesabu kabisa. Kulikuwa na miaka ushuru wa kusafirisha ngozi ghafi ulifika 80%, eti viwanda vya ndani vipate malighafi. Mchinjaji wangu akaanza kunilipa nyama tu, ngozi akisema "hiyo niachie." Ukiambiwa faida ya ngozi, omba uoneshwe mnunuzi kwanza.

Sitegemei mpaka kwa kundi lote. Theluthi hivi huwa naiandaa kwa ajili ya Themi, Arusha, kwa wachinjaji wa mjini. Bei yake iko chini kidogo, lakini Mei 2020, malori yalipokwama Namanga kwa ajili ya vipimo vya korona na ng'ombe wa watu wakikonda wakisubiri kuvuka, wangu wa Themi walikuwa wameshaliwa na pesa iko mfukoni.