Siku moja ya saisi wa Lushoto

Watu wakisikia mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, huku Lushoto, wanadhani kazi yenyewe ni kushika kamba: mgeni anapanda, anapigwa picha, anashuka, hela inaingia. Nawasimulieni Jumamosi moja ya mwezi wa sita, tulipopeleka wageni kulala msituni, mjionee.

Saa 11 alfajiri. Baridi ya huku mwezi huo haina utani. Farasi wanakula kabla yangu: majani makavu kwanza, pumba baadaye, maji muda wote. Nikiingia bandani sitazami farasi, natazama mavi. Kama hakunya usiku, au kanya kidogo na makavu, huyo hatoki. Farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota anaweza kufa siku hiyo hiyo. Kisha kwato, moja moja. Naukunja mguu kwenye paja langu na kuchokoa kwa kulabu. Asubuhi hiyo mmoja alikuwa na kikokoto kimejibana pembeni mwa ile nyama laini ya pembetatu iliyo chini ya ukwato. Kidogo kama punje ya mahindi, lakini kwa mwendo wa siku nzima kingemfanya achechemee.

Saa 1 hadi saa 3: kupiga brashi, kutandika, kupakia mahema na vyakula kwenye pikapu iliyotangulia kambini.

Wageni walisema watafika saa 3. Wamefika saa 5 na nusu. Eti fuso la kabichi lilikwama kwenye kona za kupandia kutoka Mombo. Sawa, ile barabara naijua, sikubisha.

Walikuwa watano kutoka Dar, wanne vijana na bosi wao. Nikatoa mizani.

"Mizani ya nini? Mimi gunia la viazi?"

"Hapana bosi, kila mgeni anapima."

Vijana wakapima, wakacheka, wakavaa kofia ngumu. Yeye akakunja mikono. Nikamweleza taratibu: farasi wetu mkubwa ana kilo kama 480, na mzigo wake hauzidi moja ya tano ya hapo, yaani 96, tandiko likiwemo. Tandiko ni kilo 10. Kwa hiyo mtu mwisho 86. Tena njia yetu siyo ufukwe wa Bagamoyo, ni kupanda na kushuka tu. Mwishowe akapanda mizani: 104.

"Nimelipa," akasema.

"Umelipa bosi. Farasi hajalipwa."

Hapo akachemka. Akampigia simu mama mwenye shamba, akaweka spika kubwa ili nisikie ninavyofukuzwa kazi. Mama akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za safari, kisha akamwambia yale yale: saisi akisema hupandi, hupandi. Akampa chaguo la kupanda pikapu na mahema au kutembea na mimi. Akachagua kutembea, kwa hasira. Saa 6 na robo hiyo, tulipaswa kuwa mbali.

Kabla ya kuondoka nikakaza mikanda ya tumbo mara ya pili. Farasi mjanja: ukikaza anavuta pumzi na kujaza kifua, ukidhani umemaliza anaiachia, mkanda unaning'inia na mgeni anazunguka na tandiko hadi chini ya tumbo. Mpe dakika kumi, kaza tena.

Tukapita shamba la miti la Shume, mipaini na misaipresi imepangwa mistari, kibali cha Wakala wa Misitu kikiwa mfukoni. Kijana mmoja alitaka kumkimbiza farasi shoti mteremkoni ili arekodiwe. Nikamruhusu mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kidogo kwenye tambarare. Mteremkoni wote walishuka na kutembea kando ya farasi wao, maana uzito wote pale unaegemea miguu ya mbele.

Bosi naye kila mlima alikuwa na lake. Viatu vinabana. Ukungu unamuumiza kifua. Kwa nini farasi hawa wasipelekwe Tanga mjini, kuna tambarare tele? Nikamjibu: huko chini kuna joto, kuna mapori yenye mbung'o, na kuna visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi, wanang'ata kuanzia jioni hadi alfajiri. Baridi inayomkera ndiyo inayotusaidia. Akanyamaza kama hatua ishirini. Kisha akauliza chai iko wapi. Akakaa kwenye gogo, sote tukasimama. Akakaa kwenye gogo jingine. Mbega walitupita juu ya miti hata hawakututazama. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi, saa niliacha kuitazama.

Kambini tulifika jua linazama, na hapo ndipo kazi yangu inaanza upya. Farasi hatumfungi kwenye shina la mti. Usiku kucha atachimba kwa ukwato hadi mizizi ibaki wazi, na atatafuna gome. Tunafunga kamba juu, kati ya miti miwili, mikanda mipana ikizunguka magome, na kila farasi ana nafasi yake chini ya kamba. Halafu maji. Mmoja anakunywa lita 30 au zaidi kwa siku, kijito kiko bondeni, ndoo ni mbili na mikono ni miwili. Vijana walinisaidia mzunguko mmoja, nawashukuru. Mavi nikayatawanya mbali na kijito. Migongo nikaipapasa kutafuta uvimbe wa tandiko, hakukuwepo.

Nilikula wali wa baridi. Bosi alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, malengelenge pande zote.

"Kaka wa farasi," akaniita, "kwa kuwa nimetembea, nirudishiwe nusu ya hela."

"Zungumza na mama, bosi."

"Huku mtandao haushiki."

"Kesho mchana utashika, tukishafika barabarani."

"Na hiyo kesho pia natembea?"

"Labda upungue kilo 18 usiku huu."

Vijana walicheka hadi farasi wakainua masikio.